Kisigino Hakina Kosa

Kila Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka majanini, husikika katika kiwanja chetu cha gofu sauti ya amri. Haitoki kwa anayecheza, hutoka kwa anayefundisha. "Usinyanyue mguu! Simama kama nguzo!" Na yule maskini anayefundishwa, awe ni meneja wa benki au mtoto wa shule ya msingi, huyakaza magoti, huzikandamiza nyayo zake ardhini kana kwamba anaogopa kupeperushwa na upepo wa baharini, kisha huizungusha fimbo kwa nguvu za mikono peke yake. Mpira hujiendea unakotaka. Mwalimu hutikisa kichwa na kusema, "Umeona? Umenyanyua mguu tena."

Amri hiyo nimeisikia kwa zaidi ya miaka thelathini. Tena si kuisikia tu, nimeitoa mwenyewe, na kwa sauti kubwa kuliko ya wengi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiona katika kurasa hizi ninawashambulia watu kwa ukali, jua kwamba wa kwanza katika safu yao ni mimi. Ninaandika kupinga jambo nililolifundisha kwa juhudi, na ninaandika kwa sababu nililifundisha kwa mtu ambaye hakustahili kufanyiwa hivyo.

Najua wako watakaouliza: gofu ni mchezo wa wenye nacho, visigino vyao vinatuhusu nini sisi tunaohangaikia nauli na unga? Swali hilo ni halali. Jibu langu ni kwamba mimi mwenyewe sikuingia katika mchezo huu kupitia lango la wenye nacho. Niliingia kupitia tundu la ua, nikiwa na miaka kumi na miwili, peku, nikitafuta kazi ya ukedi, yaani kuwabebea wachezaji mikoba yao ya fimbo. Na habari ninayotaka kuisimulia si ya gofu tu. Ni habari ya mwenye kujua anayesahihishwa na asiyejua, mpaka yule mwenye kujua naye akasahau.

Hebu kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Mpira wa gofu hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93. Shimo unalotakiwa kutumbukia lina upana wa milimita 108. Baina ya mpira na shimo huweza kuwapo mita mia nne na zaidi. Mchezaji wa daraja la juu akitumia fimbo ndefu kuliko zote, ile iitwayo dreva, kichwa cha fimbo hufika kwenye mpira kikiwa na kasi inayopita kilomita 160 kwa saa, na viwili hivyo hugusana kwa muda wa kama nusu tu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hapo hakuna nafasi ya kurekebisha kitu. Lililoharibika limekwisha kuharibika zamani, wakati fimbo ilipokuwa ikipanda na kushuka.

Sasa jiulize, kasi yote hiyo hutoka wapi? Wengi hudhani hutoka mikononi, kwa kuwa mikono ndiyo iliyoishika fimbo. Lakini mikono ni ya mwisho katika msafara mrefu. Mtu husukuma ardhi kwa nyayo, ardhi nayo humsukuma yeye. Msukumo huo hupanda kupitia vifundo vya miguu, ukapita magotini, ukazizungusha nyonga. Nyonga huvuta kiwiliwili, kiwiliwili huvuta mabega, mabega huvuta mikono, na mikono ndiyo humalizia kuivuta fimbo. Kila kiungo humpokeza mwenzake. Anayekwambia uifunge miguu yako amekata msafara huo pale pale unapoanzia, kisha anakulaumu kwamba mzigo haukufika.

Haya sikuyasoma kitabuni mara ya kwanza. Niliyaona. Katika kiwanja nilichobebea mikoba alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa majani. Mashine za kukatia nyasi zilikuwa chache, nazo zilitumika kwenye njia za mchezo na penye mashimo tu. Kwingine kote, kando ya ua na chini ya minazi, ilikuwa kazi ya fyekeo. Mzee yule alifyeka tangu saa kumi na mbili alfajiri hadi saa sita mchana, katika jua la pwani, na sikumwona akihema. Sisi vijana tulipopewa fyekeo tulichoka baada ya hatua ishirini, viganja vikavimba.

Siku moja nilimuuliza siri yake. Alicheka, akanionyesha miguu yake. Fyekeo likienda kulia, kisigino chake cha kushoto kilichomoka ardhini taratibu, goti likajikunja kuelekea ndani. Fyekeo lilipoanza kurudi, kisigino kile kilitangulia kutua, kisha ndipo nyonga zikafuata, kisha mkono, kisha majani yakalala. Halafu cha kulia nacho kikanyanyuka kufuata mwili. Alikuwa kama mtu anayetembea bila kuondoka mahali pake. Akaniambia, "Mkono huchoka, mwanangu. Ardhi haichoki."

Makedi wote tulipiga mpira hivyo. Jumatatu, wanachama walipokuwa hawachezi, tuliruhusiwa kuingia na fimbo zetu za kuokota, nyingine zikiwa ni vipande vya bomba vilivyokunjwa ncha. Hatukuwa na viatu. Mguu mtupu kwenye majani yenye umande ni mwalimu mkali. Ukijirusha, utateleza, na ukijikaza, mpira hautakwenda. Kwa hiyo miguu yetu ilijifunza yenyewe kupokezana uzito: kulia fimbo ikipanda, kushoto fimbo ikishuka, na mwisho mtu amesimama juu ya mguu wa kushoto, kisigino cha kulia kikitazama angani, ametulia kama anayesubiri kupigwa picha. Hakuna aliyetufundisha, na pia hakuna aliyetuambia kwamba tulikuwa tukikosea. Hilo lilikuja baadaye, wakati tulipoanza kupata maendeleo.

Basi kosa lenyewe lilitoka wapi? Ni vema kuwatendea haki tunaowapinga. Katika vizazi vilivyotangulia, mabingwa walinyanyua kisigino cha kushoto bila aibu. Bobby Jones, Mmarekani aliyeshinda mashindano yote manne makubwa ya zama zake katika mwaka mmoja, 1930, alisimama miguu ikiwa karibu karibu na akauachia mwili wake uzunguke wote. Sam Snead, aliyezaliwa mwaka 1912 katika milima ya Virginia na aliyeanza kama kedi, alijulikana kwa kufanya mazoezi miguu mitupu ili mwendo wake urudi katika utulivu. Huyo alishinda mashindano 82 ya ligi ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani, na la mwisho kati ya hayo alilishinda mwaka 1965 akiwa na umri wa miaka 52. Jack Nicklaus, mwenye mataji makubwa 18, alinyanyua kisigino cha kushoto waziwazi alipopiga dreva, na alieleza kwamba kukirudisha kisigino hicho chini ndiko kulikoanzisha safari ya fimbo kwenda kwenye mpira. Taji lake la mwisho kati ya hayo 18 alilitwaa mwaka 1986, akiwa na miaka 46.

Ndipo ukaja mtindo mpya. Mnamo mwaka 1992 mwalimu wa Marekani, Jim McLean, aliandika katika jarida la gofu kwamba wapigaji wa mbali huwa na tofauti kubwa baina ya mzunguko wa mabega na ule wa nyonga. Mabega huzunguka sana, nyonga kidogo. Ilikuwa hoja ya kufikirika, nayo ilitokana na vipimo. Lakini hoja ya mwenye elimu ikishuka ngazi kwa ngazi hupungua urefu. Ilipofika kwetu sisi walimu wa viwanja vidogo ilikuwa imebaki maneno machache: zuia nyonga. Na sisi tukaona kwamba njia rahisi ya kuzizuia nyonga ni kuzuia magoti, na ya kuyazuia magoti ni kuzuia visigino. Hivyo ndivyo kipimo cha maabara kilivyogeuka kuwa amri ya askari wa gwaride.

Wapo wanaoitetea amri hiyo kwa kumtaja Jack Grout, mwalimu aliyemlea Nicklaus tangu alipokuwa na miaka kumi katika mji wa Columbus, Ohio. Husema, "Hata Grout alimfanya mtoto yule apige mipira bila kunyanyua visigino." Ni kweli. Lakini wanaosema hivyo husimulia nusu ya kisa. Zoezi lile lilikuwa la kuvifundisha vifundo vya miguu kazi. Visigino vikibaki chini, vifundo vililazimika kulala ndani na kurudi, kulala na kurudi, mpaka miguu ikawa hai. Grout aliitaka miguu itende kazi zaidi. Mtoto alipokwisha kujua, na mwili wake ukataka kuzunguka zaidi, kisigino kiliachwa kinyanyuke. Kulitumia zoezi hilo kama hoja ya kuigandisha miguu ni sawa na kusema kwamba anayemfunza mtoto kuogelea kwenye maji ya kina cha kiuno anamkataza bahari.

Na Ben Hogan je, ambaye walimu wa mtindo huu humtaja kama mtume wao? Katika kitabu chake cha masomo matano kilichotoka mwaka 1957, Hogan aliandika kwa uangalifu mkubwa jinsi ya kuweka miguu: wa kulia unyooke kuelekea mbele, wa kushoto ufunguliwe ncha kidogo kuelekea shabaha. Lakini kuhusu kisigino cha kushoto kunyanyuka au kubaki chini, yeye hakuona kwamba ni jambo la kulitolea jasho. Kama mwili unazunguka vizuri, kisigino kitafanya kinachofaa. Mtu aliyepima kila kitu kwa rula aliliacha hili huru, nasi ambao hatukumfikia hata kivulini tulilitungia sheria.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Mwaka 1998 nilikuwa nimekwisha kuwa mwanachama na mwalimu wa kujitolea wa vijana kiwanjani. Nilikuwa nikipata majarida ya gofu kutoka kwa wachezaji wageni, nikayasoma kwa kamusi, nikaona kwamba mimi sasa ni mtu wa elimu. Alikuwapo kijana mmoja wa miaka kumi na sita, mtoto wa mvuvi wa kimia, kedi kama nilivyokuwa mimi. Mwili wake ulikuwa mwembamba lakini mpira wake uliwapita watu wazima kwa hatua thelathini. Alipopiga, miguu yake ilicheza. Kisigino cha kushoto kilipaa, kikatua, kisha mwili wote ukapita juu yake kama wimbi linavyopita juu ya mwamba. Wanachama walisimama kumtazama.

Mimi nilimtazama nikaona kosa.

Nilimwambia asinyanyue kisigino. Alijaribu, akashindwa, kwa kuwa mwili wake haukujua njia nyingine. Basi nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilala hulikumbuka. Nilichukua kamba, nikaifunga kwenye kisigino cha kiatu chake cha kushoto, ncha nyingine nikaifunga kwenye kigingi kilichopigwa ardhini. Akinyanyua mguu, kamba inamvuta. Nilimfunga kama mbuzi. Na yeye, kwa adabu aliyolelewa nayo, alisema, "Ndiyo, mwalimu," akapiga mipira mia moja kwa siku akiwa amefungwa.

Tulifanya hivyo kwa majuma sita. Kisigino kilitulia, nami nikajisifu. Lakini mpira ulianza kufupika, na ulipofupika akaongeza nguvu za mikono, na alipoongeza nguvu za mikono mpira ukaanza kupinda kulia. Nikamsahihisha mikono. Kisha nikamsahihisha kichwa. Kisha nikamsahihisha mshiko. Kila nilichokitengeneza kiliharibu kingine, kwa sababu nilikuwa nikikarabati paa la nyumba niliyoing'oa msingi. Mwezi wa tatu akaanza kulalamika kwamba kiuno kinamuuma asubuhi. Mimi si daktari, wala sitaapa kwamba ni kamba ile. Lakini ninajua kwamba mzunguko ambao nyonga na mguu zimekatazwa kuubeba haupotei, unatafuta pengine pa kwenda, na hapo pengine pa karibu ni mgongo na goti.

Siku ya majaribio ya kuingia katika daraja la wachezaji wa kulipwa alipungukiwa na mikwaju minne. Mwaka uliotangulia alikuwa akicheza viwanja vya namna ile kwa mikwaju michache kuliko waliofaulu. Hakurudi kujaribu tena. Baada ya muda hakurudi hata kubeba mikoba. Nami niliwaambia watu kwamba kijana yule alikuwa na kipaji lakini hakuwa na nidhamu. Ndiyo, nilisema hivyo. Mwalimu akishindwa, neno nidhamu huwa karibu sana na ulimi wake.

Watetezi wa amri ile watanijibu kwa hoja mbili, nami nitazikabili zote.

Ya kwanza: wachezaji wengi wakubwa wa leo hawanyanyui kisigino cha kushoto fimbo inapopanda. Nakubali. Lakini hao ni vijana wanaoishi katika vyumba vya mazoezi, wenye nyonga na migongo inayonyumbulika kama upinde, na wanaokandwa misuli kabla na baada ya kila mchezo. Meneja wa benki mwenye miaka hamsini na tano, aliyekaa kitini tangu Jumatatu, ana nini cha kufanana nao zaidi ya rangi ya kofia? Akikibakiza kisigino chini, mabega yake hayafiki hata nusu ya safari. Isitoshe, hata wale ambao kisigino chao kinabaki chini, miguu yao haijalala. Siku hizi kuna vibao vya kupimia msukumo wa nyayo, na vibao hivyo vimeonyesha kwamba kwa wapigaji wazuri mzigo huanza kurudi kwenye mguu wa kushoto hata kabla fimbo haijamaliza kwenda nyuma. Kisigino kinaweza kuonekana kimya, lakini unyayo unafanya kazi kubwa. Kutulia kwa namna hiyo ni mbali kabisa na kuwa nguzo, maana nguzo haisukumi ardhi.

Tena wamtazame Scottie Scheffler, aliyeshinda mashindano ya Masters mwaka 2022 na 2024, nishani ya dhahabu ya Olimpiki mjini Paris mwaka huo huo wa 2024, na yale ya The Open mwaka 2025. Miguu yake inapokutana fimbo na mpira huteleza na kujivuta kiasi kwamba mtu asiyejua angedhani ameanguka. Mguu wa kulia hukimbilia nyuma yake. Mwalimu wake tangu utotoni, Randy Smith, aliiona miguu hiyo na akaiacha. Ninapomfikiria mwalimu huyo ninasikia wivu, na wivu wenyewe si wa mataji ya mwanafunzi wake. Ninamwonea wivu kwa sababu alijua jambo la kutoligusa.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Husema kwamba anayeanza akiruhusiwa kunyanyua kisigino atayumba kulia na kushoto kama mnazi. Ni kweli, wengi huyumba. Lakini kuyumba kunatokana na mwili kuhama kando pale ulipotakiwa kuzunguka. Kisigino hakina kosa, kimevutwa tu. Tiba yake ni kumfundisha mtu kuzunguka. Ukimwona mtu anachechemea, humtibu kwa kumkataza kutembea.

Na hapa sina budi kusema ninachokitaka, maana kupinga bila kujenga ni kelele. Kwa mtu wa mkono wa kulia, mambo ni haya. Simama uzito ukiwa katikati ya nyayo, si kwenye vidole wala si kwenye visigino. Fimbo inapopanda, uache mwili uzunguke, na uzito uende ndani ya mguu wa kulia, bila kuuruhusu umwagike ukingo wa nje. Kisigino cha kushoto usikinyanyue kwa makusudi, wala usikizuie. Kikivutwa na goti, kifuate, kisipovutwa, kibaki. Kurudi kuanze chini: kisigino kitue, au kama hakikunyanyuka, unyayo wa kushoto ukanyage, kabla mikono haijafanya haraka. Kisha mguu wa kulia usukume na kufuata, mpaka umalize ukiwa umesimama juu ya mguu wa kushoto, na wa kulia umebaki kugusa ardhi kwa ncha tu. Kama huwezi kusimama hapo hadi mpira utue, miguu yako haikufanya kazi, hata kama mpira umekwenda mbali.

Anayetaka mwalimu asiyelipwa, na avue viatu. Apige mipira ishirini polepole, peku, kwenye majani. Kisha aweke miguu pamoja, visigino vikigusana, apige mingine ishirini kwa fimbo fupi. Mwili utajua wenyewe kwamba ukirusha mikono utaanguka. Nyakati za kutuliza miguu pia zipo: unapousukuma mpira taratibu kuelekea shimoni ukiwa karibu, au unapoudonoa kwa hatua chache. Pale nguvu haihitajiki, na miguu haina la kufanya isipokuwa kukaa. Kosa letu ni kuichukua adabu ya hatua tatu na kuilazimisha kwenye safari ya mita mia mbili.

Mwaka 1978 alikuja Nairobi kijana wa Kihispania, Seve Ballesteros, akashinda mashindano ya wazi ya Kenya katika kiwanja cha Muthaiga. Mwaka uliofuata akashinda The Open kule Uingereza, na dunia nzima ikamjua. Kijana huyo alitoka katika kijiji cha Pedreña, alikuwa kedi, na alijifunza kupiga kila aina ya mpira kwa fimbo moja tu ya chuma, kwenye mchanga wa ufuo. Sisi makedi wa wakati ule tulisimuliana habari zake kana kwamba ni ndugu yetu. Tulielewa kwamba mchanga ulimfundisha kitu ambacho mkeka wa mazoezi haufundishi. Ajabu ni kwamba mimi niliyesimuliana habari hizo, miaka ishirini baadaye, nilimchukua mtoto wa ufuo wetu wenyewe nikamfunga kamba.

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Nadhani ni kwa sababu elimu ya mzee wa fyekeo haikuwa na picha zilizochapishwa kwenye karatasi inayong'aa. Niliona haya kusema mbele ya wanachama kwamba nimejifunza mzunguko wa fimbo kwa mkata majani. Jarida lilinipa maneno ya kigeni, na maneno hayo yalinipa heshima. Nilichokuwa nacho mwilini nikakiita ushamba. Na sidhani kwamba ni mimi peke yangu, wala kwamba ni gofu peke yake. Ni mara ngapi tumemwona mtoto anayefanya jambo sawasawa, tukamharibu kwa kuwa hakulifanya kwa njia iliyoandikwa?

Miaka michache iliyopita, maji yakiwa yamekupwa, nilikuwa nikitembea ufuoni jioni. Nilimwona mtu mzima amesimama katika maji ya magotini, kimia begani. Alikizungusha nyuma, kisigino cha kushoto kikatoka majini. Kikatua. Mwili ukapita juu yake, na kimia kikafunguka hewani duara kamili, kikaanguka kwa pamoja kama kifuniko. Nilimjua kabla hajageuka.

Alipogeuka akaniona, akaweka kamba ya kimia chini, akanifuata mpaka mchanga mkavu. "Shikamoo, mwalimu," akasema.

Nikasema, "Marahaba." Nilitaka kuongeza neno la kuomba radhi, nikalitafuta, nikalikosa. Tuliulizana habari za nyumbani. Akaniuliza kama bado ninafundisha watoto. Nikamwambia, ndiyo. Akasema, "Vizuri, mwalimu," akarudi majini.

Neno nililolikosa siku ile ndilo nimejaribu kuliandika hapa. Kwa walimu wenzangu wa viwanja vidogo na vikubwa nina ombi moja tu. Jumamosi ijayo, kabla hamjamwambia mtoto asimame kama nguzo, mtazameni anavyopiga akidhani hakuna anayemwona. Na kama ninyi wenyewe mmechoka kwa kuzungusha mikono mitupu, mtafuteni mkata majani aliye karibu nanyi, mkae kimya, na mmtazame miguu.